Soksi Ambazo Sikuzitoa

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Siku ile tulipoagana getini niliahidi kukueleza kila kitu, cha kunipa sifa na cha kunitia haya, na leo naiandika ahadi hiyo kwa wino ili nisiwe na pa kuponyokea.

Mimi ni mzima. Hisabati zinanisumbua lakini hazijaniua. Mama hajambo? Mgongo umepungua, au bado anashona huku ameegemea mto? Na Mdogo je, ameacha kulala kanisani, au bado mnambeba kama gunia ibada ikiisha?

Nisalimie sana Mwalimu wa Jumapili. Nyimbo alizotufundisha tulipokuwa darasa la watoto naziimba hapa nikifua, na wenzangu wameanza kuzidaka. Kabla sijaondoka nilisikia amemwacha mumewe nyumbani na kuhamia kwa dada yake. Sikumuuliza kwa nini. Niliona ule uvimbe chini ya jicho lake nikaogopa jibu.

Sasa jambo lenyewe. Viatu vyangu vipya vimeibwa. Niliviacha chini ya kitanda nikaenda kuoga, niliporudi havipo. Baada ya siku chache niliviona miguuni mwa msichana anayelala kitanda cha chini yangu. Wanafunzi wanamwita Kimya kwa sababu haongei. Nina hakika ni vyangu, maana ile alama uliyoichoma kwa msumari wa moto iko palepale kwenye kisigino.

Sikumripoti kwa matroni. Nimemsamehe, Baba, kama ulivyotufundisha. Navaa vile vya zamani. Vinabana vidole kidogo tu.

Kikundi chetu cha maombi kinakutana kila Alhamisi baada ya masomo, chini ya ngazi za maktaba. Niombee, wamenitaka niwe mmoja wa wanaofundisha Neno.

Binti yako anayekupenda.


20 Februari

Binti yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti, Mama yako akishona vifungo vya mteja. Nilipofika pale pa kusamehe, aliweka sindano chini. Unamjua, sindano yake haiwekwi chini kwa jambo dogo.

Sote tu wazima. Mgongo wa Mama unaendelea hivyo hivyo. Mdogo bado analala, ila sasa anakoroma pia, na mzee wetu wa kanisa, Amina Kubwa, anasema angalau kuna mtu mwingine kanisani mwenye sauti. Paa limezibwa. Seremala amekwisha kutuletea mabenchi mapya ya upande wa akina mama, na hataki hata ahsante. Ukisimama kwenye mimbari aliyotuchongea ukayatazama, unaona kanisa limekuwa kanisa.

Nilikuwa na somo la msamaha Jumapili iliyopita na nilikuwa sina mfano. Barua yako ilifika Ijumaa. Nikaona ni Bwana. Nimeshiriki habari zako kidogo na washirika, natumaini hutanikasirikia. Tangu niwekwe kuwa mchungaji hapa sijaona ibada kama ile. Watu walilia.

Kuhusu Mwalimu wa Jumapili, mwanangu, ndoa za watu tuwaachie wenyewe na Mungu wao. Lakini furahi pamoja nami. Siku hiyo hiyo alikuja mbele akilia, tukamwombea, na jioni alibeba godoro lake akarudi kwa Seremala, mumewe. Unaona jinsi neno dogo la mtoto linavyofika mbali?

Nenda kafundishe hicho kikundi. Soma kwanza, omba, kisha ufundishe kile kilichoandikwa tu.

Baba yako katika Kristo.


16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mama, Mdogo na wewe hamjambo. Sisi hapa mvua imeanza na nguo hazikauki. Nimepata alama nzuri katika jiografia.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Nilijua hamtaweza kuja, sikulia. Amina Kubwa alikuja kumwona binti yake wa kidato cha kwanza. Unaijua sauti ya mzee yule. Hata akiomba maji ya kunywa, majirani hutoka kuzima moto. Alitukuta uani tunafua, akaniona, akatua kikapu chini.

"Huyu hapa!" akasema. "Wasichana, mnajua mnaishi na nani? Huyu ni mtoto wa mchungaji wetu! Kaibiwa viatu, kamfuata mwizi, kavua soksi zake mwenyewe miguuni, kampa! Kamwambia, dada, chukua na hizi, viatu bila soksi vitakuchubua! Mwizi kaanguka magotini, kalia, kaokoka palepale!"

Mmoja wa wenzangu akauliza, "Soksi zipi?"

"Hata soksi!" Amina Kubwa akasema, akidhani anaitikiwa. "Huko kwetu sasa mtu akinuna tunamwambia hata soksi! Wanandoa wakigombana, hata soksi! Haya, na huyo dada aliyeokoka yuko wapi? Nataka nimpe mkono."

Baba, Kimya alikuwa nyuma yangu ameshika beseni. Akaliweka chini. Akavua viatu vyangu, kimoja, na kingine, akaviweka juu ya jiwe la kufulia mbele ya watu wote, akaenda zake pekupeku kwenye matope.

"Mbona anaondoka?" Amina Kubwa akaniuliza.

"Ana zamu jikoni, mzee," nikasema. Na nikatabasamu. Sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi, ule uongo au lile tabasamu.

Viatu sasa ninavyo. Nimeshindwa kuvivaa.

Niliahidi kueleza kila kitu, basi sikiliza na cha kwangu. Nilikuandikia kwamba nimemsamehe. Kweli sikwenda kwa matroni. Lakini niliwaambia bweni zima, kitanda kwa kitanda, na tangu hapo hakuna aliyemsalimia Kimya, hata mimi ninayelala juu yake. Akiingia bafuni wengine hutoka. Niliandika neno lile kwa sababu nilijua utalipenda. Niliona aibu nilipoikunja ile karatasi, nikaipeleka posta vivyo hivyo.

Hilo ni kosa langu na sikusukumii wewe. Lakini soksi si zangu, Baba. Kupiga magoti si kwangu. Kuokoka palepale si kwangu. Vimetoka wapi?

Binti yako.


2 Aprili

Binti yangu,

Bwana asifiwe. Hongera kwa jiografia. Mama yako anakushonea sketi nyingine, anauliza kama kiuno ni kilekile au chakula cha shule kimekutendea haki. Mdogo ameng'oka jino, amelificha hataki mtu alione.

Kanisa linaendelea vizuri. Mabenchi ya upande wa wanaume yamefika pia. Nimealikwa kuhubiri kwenye mkutano wa makanisa ya wilaya mwezi ujao, nami miaka yote hiyo huwa nakwenda kule kukaa nyuma na kupiga makofi. Wameomba somo lilelile la msamaha.

Umeuliza habari za soksi. Mwanangu, mhubiri si karani wa mahakama. Mboga ikitiwa chumvi haiachi kuwa mboga. Wewe ulisema umesamehe, nami niliwasaidia watu kuuona huo msamaha kwa macho. Waliobarikiwa ni wengi. Mwalimu wa Jumapili ameanza tena darasa lake la watoto, na juzi aliniambia, "Mchungaji, siku nikiishiwa nguvu najikumbusha yule mtoto na soksi zake." Je, nimwambie nini mtu kama huyo? Nimnyang'anye?

Usijitese kwa mambo ya bwenini. Wasichana hununiana na kupatana. Ukija likizo ya Agosti nataka usimame ibadani uwasalimie watu na useme maneno machache. Sikuambii useme uongo. Sema tu kwamba ulisamehe, mengine wanayajua.

Baba yako.


13 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kiuno ni kilekile. Mwambie Mdogo jino lake asilitupe, nataka kuliona.

Nilimfuata Kimya. Tulikuwa kwenye bustani ya shule tunapalilia, nikaomba kubadilishana mstari na mtu ili niwe karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kufundisha Alhamisi, lakini maneno yote yalinikimbia.

Nikamwambia, "Nilisema kwamba nimekusamehe, na haikuwa kweli."

Akaendelea kupalilia. "Ulinisamehe lini?"

"Februari."

"Mbona mimi sikualikwa?"

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki. Nikamwambia yote, kwamba niliwageuza wenzangu dhidi yake, kwamba niliandika nyumbani nionekane mwema, na kwamba nilimwacha mgeni amwaibishe nikakaa kimya. Nikamwomba yeye anisamehe mimi.

"Viatu nilichukua," akasema. "Nilikosa. Usifikiri sijui kwamba nilikosa. Lakini usinisimulie tena kwa watu. Si wewe wala baba yako."

"Nitamwambia."

"Na sogea, unakanyaga miche."

Ndiyo hiyo, Baba. Hakuna aliyelia wala kupiga magoti. Jana aliniomba sindano nikampa, akatumia, akairudisha. Hapo ndipo tulipofika, na nahisi ni mbali kuliko tulikokuwa.

Sasa nina swali jingine, na ninaliogopa. Mimi niliibiwa viatu. Viatu vimeniumiza vidole, basi. Seremala je? Ule uvimbe chini ya jicho haukuwa wa viatu. Kabla Mwalimu hajabeba godoro lake, kuna mtu aliyekaa na Seremala akamuuliza lolote? Au yeye alibaki karakanani anapiga randa mabenchi yetu, na aliyeumizwa ndiye akatafutiwa somo?

Sisemi kwa kukukosea heshima. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwalimu wa Neno ana hesabu kubwa zaidi ya kutoa. Nimefundisha Alhamisi chache tu, na tayari naona uzito wake.

Tafadhali usihubiri habari ile wilayani.

Binti yako.


18 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwenye kugawa barua amepita safu yetu wiki nyingi sasa, na akifika kwangu huinua mikono mitupu na kusema, "Baba yako anafunga na kuomba, labda." Wenzangu hucheka. Nami hucheka ili nisionekane.

Je, mna afya? Andika hata mstari mmoja.


29 Mei

Binti yangu,

Bwana asifiwe. Utanisamehe kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Tu wazima. Jino la Mdogo limeonekana ndani ya kikombe cha Amina Kubwa, alipokwisha kunywa chai. Sketi yako ipo tayari.

Mkutano wa wilaya ulikwenda salama. Watu walikuwa wengi. Paa limevuja tena upande ule ule.

Mwalimu wa Jumapili alianguka bafuni akavunjika mkono. Amefungwa plasta. Darasa la watoto linashikwa na mke wa mzee wa kanisa kwa sasa. Mwombee.

Soma kwa bidii.

Baba yako.

Hakuanguka. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. — Mama


5 Juni

Baba,

Shikamoo.

Leo nimeshindwa kuuliza habari za mgongo na jino. Nimeusoma mstari wa Mama. Nadhani aliuandika haraka barua ikiwa karibu kutiwa kwenye bahasha, maana karatasi ilikunjwa wino haujakauka, ukapaka upande wa pili. Sijui kama uliuona.

Hukunijibu kama ulihubiri habari ile wilayani. Ulisema watu walikuwa wengi. Nimekuelewa.

Najaribu kukuchukia nashindwa, kwa sababu kila nikianza kukuhesabia makosa nafika kwenye barua yangu ya kwanza. Ningeandika, "Baba, nimekasirika na bweni zima limemtenga," usingekuwa na mfano Jumapili ile. Neno langu moja la kujipendekeza umelivika soksi, na Mwalimu amelibeba nalo likamrudisha mlango ule. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Alinishika mkono wangu kwa mkono wake. Ni mkono upi uliovunjika?

Alhamisi niliwaeleza wenzangu wa maombi ukweli wote, pale chini ya ngazi. Nilidhani kutakuwa na kitu kikubwa. Hakuna aliyesema amina. Mmoja aliuliza kama kipindi kimekwisha kwa sababu ana zamu ya kupiga kengele. Mwingine, ambaye hutoka bafuni Kimya akiingia, alibaki ameinamisha kichwa. Nimewaambia watafute mtu mwingine wa kufundisha kwa sasa.

Nijibu kwa ukweli, Baba. Hata kama ni mbaya.


15 Juni

Binti yangu,

Ni mkono wa kulia.

Nimeona mstari wa Mama yako. Aliuandika mbele yangu, akanipa kalamu, akasema, "Funga sasa." Nikafunga bahasha. Kwa hiyo usifikiri sikujua kilichokufikia.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana umeuliza mara nyingi nami nimekujibu habari za paa. Jumapili ile ya Februari nilikuwa nahubiri na watu wanasinzia. Unayajua mahubiri yangu, si mabaya, ni ya kusinziwa. Nikafika kwenye habari zako. Nikasema binti yangu ameibiwa viatu, na vichwa viwili vitatu vikainuka. Nikasema amesamehe, vikainuka vingine. Hapo nilikuwa nimefika mwisho wa ukweli, na nyuso zote zinanitazama, zinangoja. Soksi zilinitoka mdomoni kabla sijazijua. Zilipotoka, Amina Kubwa akapiga ukelele, na mimi nikaendelea. Ndivyo zilivyokuja. Kule wilayani nilikuwa nimedhamiria kutozisema. Nilizisema tena, na nikaongeza kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa lililo zito zaidi. Mwalimu alikuja kwangu kabla ya hayo yote, mwaka jana, na si mara moja. Alikaa kwenye kiti kile cha ofisini chenye mguu mfupi, akanionyesha mgongo wake, Mama yako akiwepo. Nilimwambia aombe. Nikamwambia nitaongea na mumewe. Kila nilipokutana na Seremala alikuwa ameshika kipimo, ananiuliza benchi liwe la urefu gani, na mimi nikamwambia urefu. Hivyo tu. Hujakosea katika swali lako.

Juzi nilikwenda kumtembelea Mwalimu, nikamkuta peke yake. Nikafumba macho nimwombee. Akasema, "Mchungaji, mwambie binti yako bado najaribu." Nilisema amina bila sala kabla yake, nikatoka. Nimekwisha kuzika watu na kukaa na wanaokufa, mwanangu, sijawahi kukimbia nyumba ya mshirika.

Niliwaita wazee nikawaeleza. Amina Kubwa alilia kwanza, kisha akasema, "Mchungaji, sema ulikosea kumbukumbu. Kukosea kumbukumbu si dhambi." Mwingine akasema Seremala akiguswa atayaondoa mabenchi na ukoo wake wote utamfuata. Wanashauri tungoje mpaka Agosti. Ukija utasimama nami, nitasahihisha kwa upole, watu wakikuona wewe hawataumia sana. Nimekubali. Naona ni busara.

Sijamwambia Mwalimu bado.

Naandika haya nikiona aibu kwako kuliko nitakavyoona mbele yao. Wao watapata mchungaji mwingine.

Baba yako.


22 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima yote, nawe uipokee kabla hujasoma yanayofuata.

Ahsante kwa kunieleza. Niliisomea barua yako nyuma ya stoo ya majembe. Nilitaka niwe na baba wa barua ya Februari. Lakini huyu wa Juni nimemwamini kila neno, na yule wa Februari nilikuwa namsifu tu.

Sitasimama Agosti ili watu wasiumie. Nitasimama kama utaniita kusema kosa langu, ila si kuwa kitambaa cha kufunikia kosa lako. Tena Agosti ni mbali. Wewe unahesabu mabenchi na wazee wanahesabu ukoo, na yeye yupo ndani ya nyumba ile, ana mkono mmoja, "anajaribu" kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea.

Uliniuliza zamani, nimwambie nini mtu kama huyo, nimnyang'anye? Ndiyo, Baba. Mnyang'anye. Na uanze kwake yeye, si kanisani. Asisikie kutoka mimbarini akiwa amekaa benchi la mumewe, watu wote wakigeuka kumtazama, kama alivyotazamwa Kimya pale uani. Nenda na Mama. Usifumbe macho kuomba, kwanza sema. Mwambie kwamba binti yako hakutoa soksi zozote, kwamba aliyemkosea alikuwa mtoto mwenzake aliyechukua viatu, na kwamba hakuna neno lolote la Mungu ulilosoma siku ile lililomwambia arudi kupigwa. Hilo la kurudi lilitoka kwetu, kwako na kwangu. Mwambie uliuona mgongo wake ukamwambia aombe. Akikufukuza, ondoka. Akikaa kimya, kaa naye.

Chumba changu kiko wazi mpaka Agosti. Kitanda kinalia upande wa ukutani, alalie upande wa mlango. Nikija nitalala na Mdogo, akorome anavyotaka. Mama anajua njia ya kwenda kituo cha polisi, na daktari aliyefunga plasta anajua mkono ulivunjikaje. Seremala akija kuyataka mabenchi yake, mpe. Mimi nitakaa sakafuni, na wewe unaweza kuhubiri ukiwa umesimama chini kama sisi. Ukibaki na watu wachache wanaosinzia, wafundishe kile kilichoandikwa tu. Nitakuja kukaa mbele na sitasinzia.

Kimya amenisaidia kupata bahasha hii, zangu zimekwisha. Hakuuliza ni ya nini.

Nakupenda. Nilikuwa nakuogopa kidogo, sasa nakupenda tu, na naona aibu pamoja nawe.

Usinijibu habari za afya wala za paa. Mwenye kugawa barua hupita hapa kila Jumanne, na nitakuwa getini. Niandikie mstari mmoja tu. Leo, unapoisoma barua hii, Mwalimu analala nyumba gani?